Upande wa Kumi na Mbili

Hoteli ile ya karibu na stesheni ya Dodoma ilikuwa na ukumbi wa maigizo. Ukisema hivyo leo watu hukutazama usoni wajue kama una homa, maana palipokuwa na jukwaa pakawa stoo, halafu pakawa ukuta mtupu, halafu pakawa si kitu. Lakini ukumbi ulikuwepo, na aliyeufahamu kuliko hata Wajerumani walioujenga alikuwa mwanamke mmoja, mshonaji na dobi, Tabu binti Feruzi, ambaye hakuwahi kukalia hata kiti kimoja cha humo.

Tabu alizaliwa Kilimatinde, kwa watu wa misafara. Baba yake alitoka Umanyema na pembe ya ndovu begani, akachokea hapo, akaoa hapo, akafia hapo. Tabu naye akaolewa na Bushiri, aliyekuwa kirongozi, yule mtu anayetangulia mbele ya msafara na kuamua leo tunalala wapi na kesho tunaondoka saa ngapi. Miaka ishirini Bushiri alikwenda pwani na kurudi. Kisha reli ikaja, misafara ikafa, na kirongozi wa watu mia akajikuta anasukuma toroli la kokoto kwenye reli ile ile iliyomnyang'anya kazi. Wakahamia Dodoma, wakajenga tembe lao dogo nyuma ya soko, na hawakujaliwa mtoto. Walikuwa wawili tu na sanduku lao.

Sanduku hilo ndilo lenye kisa. Ndani yake Bushiri aliweka sanda yake.

Msidhani alikuwa mtu wa kupenda mauti. Alikuwa mtu wa kuyaogopa, tena kwa sababu yake mwenyewe. Siku za misafara, mpagazi akianguka katika nyika ya Marenga Mkali, ambako hakuna maji, hakuna aliyesimama kuchimba kaburi. Kirongozi aliamuru mzigo wa aliyeanguka ugawanywe, na msafara ukaenda. Aliyekuwa akiamuru ni Bushiri. Alimwambia Tabu jambo hilo mara moja tu, mwaka wa kwanza wa ndoa yao.

"Niliwaacha wengine wakiwa bado wananitazama," alisema. "Fisi ndiye aliyewazika. Binti Feruzi, mimi usiniache hivyo. Nikifa nataka nioshwe, nivishwe sanda, niswaliwe, niingie ardhini kama mtu. Sina lingine ninalokuomba."

Safari yake ya mwisho ya Bagamoyo alirudi na nguo ya merikani nzito nyeupe, urefu wa mikono kumi na minne, yenye uzi wa buluu pembeni, haijakatwa na haijaguswa na sindano, kama sanda inavyotakiwa kuwa. Akaifunga ndani ya kitambaa cha kaniki pamoja na karafuu maiti na ubani, akaiweka chini kabisa ya sanduku. Kila Ijumaa kabla ya kwenda kuswali alifungua kifuniko, akainama, akanusa, akafunga. Hakuigusa. Alisema kuigusa ni kuiita.

Sasa tuje kwenye hoteli. Mwenyewe alikuwa Mjerumani mnene ambaye mji mzima ulimwita Bwana Miwani. Mkewe aliitwa Bibi, basi, kama vile hakukuwa na bibi mwingine duniani. Bibi huyu aliwahi kuwa mwigizaji ujanani mwake huko kwao, na Dodoma ilimchosha: vumbi, upepo, mbigili, na tena vumbi. Ndipo akamng'ang'ania mumewe mpaka akamjengea jukwaa katika chumba kikubwa cha nyuma ya pa kulia chakula. Chini makasha ya bia, juu mbao, mbele safu ya taa za mafuta, na pazia jekundu lililoshonwa na Tabu kwa mkono, kwa sababu cherehani ya hoteli ilikuwa imeharibika na fundi alikuwa Tabora.

Kila Jumamosi walikuja: wa reli, wa boma, wenye mashamba. Tabu alisimama nyuma ya pazia na kamba mkononi, na sindano yenye uzi imechomekwa kifuani endapo mtu angechanika nguo. Aliyaona mengi kule nyuma. Wanawake wa Kizungu walikuwa wachache, kwa hiyo karani wa stesheni alivaa gauni akawa bibi harusi. Na ofisa wa boma, yule ambaye Jumatatu alikaa kitini na kuhesabu viboko hamsa ishirini juu ya migongo ya watu bila kupepesa jicho, Jumamosi alipiga magoti mbele ya karani wa stesheni na kulia machozi kwa sababu amekataliwa posa. Tabu alimsimulia Bushiri, na Bushiri alicheka mpaka akakohoa.

Alikuwa na fahari na kazi ile, tusimfiche. Mwanamke aliyekuwa akifua mashuka ya watu sasa aliitwa kwa jina lake, akaulizwa rangi hii na ile zinapatana au hazipatani. Bibi alimshika bega mbele ya wageni akasema huyu ndiye mikono yangu. Maneno ya namna hiyo hulewesha, na Tabu alilewa.

Krismasi ya mwaka elfu moja mia tisa na kumi na tatu ilipokaribia, Bibi alitaka mchezo wa bibi kizee anayepotea katika theluji na kufa. Theluji yenyewe Tabu hakuijua. Alielezwa kwamba ni baridi inayoanguka kutoka juu kama unga na kufunika kila kitu, na kwamba Wajerumani wote wanaililia. Basi ishonwe nguo moja nyeupe, kubwa, ining'inie kutoka darini, ishuke ukutani, itambae sakafuni mpaka kwenye taa. Tabu alipima, akasema zitahitajika pande kumi na mbili za merikani.

Zilipatikana kumi na moja. Mvua zilikuwa zimekata tuta la reli huko Gulwe, na mzigo wa Mhindi mwenye duka ulikuwa umekwama upande wa pili. Zimebaki siku mbili. Upande wa kushoto wa jukwaa kulikuwa na pengo lenye upana wa mlango, na ukuta wa udongo ulionekana wazi. Bibi alikaa juu ya kasha akashika kichwa.

Hakuna aliyemlazimisha Tabu. Hili ni lazima lisemwe, kwa kuwa yeye mwenyewe alilisema moyoni maisha yake yote. Alilitazama pengo lile, akaona kazi yake nzima imeharibika kwa upande mmoja, na mdomo ukasema wenyewe: "Bibi, ninacho kitambaa nyumbani."

Hakusema ni kitambaa cha nini. Bibi aliahidi kwamba treni ikipita atampa kingine kipya, kizuri kuliko hicho. Mchana huo Bushiri alikuwa kazini. Tabu alifungua sanduku, akatoa sanda, na ndani ya kaniki akakunja magunia mawili ya unga aliyoyafua vizuri, akarudisha karafuu maiti na ubani, akafunga fundo lile lile. Ni wiki mbili tu, alijiambia. Ijumaa mbili, na mwenyewe hunusa tu.

Nguo ile ilipendeza, haikuwa na mfano. Pazia lilipofunguka, ukumbi mzima uliinua shingo. Kisha watu wazima wenye masharubu wakaanza kutoa leso. Bibi, amevaa matambara, alizunguka jukwaani akiita watoto wake, akaishiwa nguvu, akalala upande wa kushoto, kwenye upande wa kumi na mbili, akafa. Tabu alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili. Aliona uzi wa buluu unapita chini ya shavu la Bibi. Kisha watu wakapiga makofi, na maiti akainuka, akainama mara tatu.

Januari mzigo ulifika. Bibi akasema merikani yote inahitajika kwa meza za sikukuu ya Kaizari, mfalme wao, angoje kidogo. Sikukuu ya Kaizari ikapita, akasema angoje Pasaka. Tabu alimkumbusha mara ya tatu, na safari hii uso wa Bibi ulibadilika, maana alichoka kudaiwa na dobi wake. Lau angemwambia, "Bibi, ile ni sanda ya mume wangu," pengine mwanamke yule angeogopa na kuirudisha siku hiyo hiyo. Lakini Tabu aliona haya. Aliona haya kwa Bibi na aliona haya zaidi kwa Bushiri, na haya hizo mbili zikamfunga kinywa.

Agosti vita vikaingia. Meli hazikuja tena, na merikani ikatoweka nchini. Mwaka ulipogeuka, watu wa mjini waliokuwa wakiwacheka Wagogo kwa kuvaa ngozi walianza kuwatembelea Wagogo kuomba ngozi. Matonya, Mgogo wa Kizota aliyeleta maziwa hotelini, alikuwa mtu wa utani hata katika dhiki. Alimwambia Bushiri, "Mzee, na wewe njoo nikukatie ya ndama, upendeze msikitini." Wote walicheka. Bushiri alisema yeye hata nguo ya mwilini ikiisha hana wasiwasi, ya safari anayo. Tabu alikuwa anapepeta mtama, na hakuinua uso.

Ukumbi ukaanza kufa vipande vipande. Michezo ilikwisha kwa kuwa waigizaji walikwenda vitani. Pazia jekundu lilikatwa likawa vitambaa vya kufungia miguu ya askari. Theluji ilikunjwa na kufungiwa katika kasha, na ufunguo alikuwa nao Bwana Miwani. Kuiiba nguo kubwa kama ile haikuwezekana, na kubandua upande mmoja kungeonekana. Mke akiiba, mumewe ndiye angelala kifudifudi bomani achapwe.

Mwanzoni mwa mwaka wa kumi na sita, ukumbi ukafanywa hospitali ya majeruhi wa Kizungu na askari. Mwezi wa tatu boma likatoa amri ya wapagazi wa kupeleka risasi Kondoa, nao hawakuangalia umri. Walimkuta Bushiri kwenye toroli lake. Alipewa muda wa kwenda nyumbani kuaga. Tabu alikuwa hotelini akifua. Alipopata habari akakimbia, alimkuta tayari yuko kwenye mstari, mzigo kichwani, kirongozi wa zamani aliyegeuzwa kuwa mtu wa katikati ya safu.

"Nimekwisha kuaga nyumba," alimwambia. "Nirudi, nisirudi, Mungu anajua."

Alimtazama kitambo, kama anayetaka kuongeza neno. Halafu safu ikaondoka kwa njia ya Makutupora.

Wiki chache baadaye vita vilipamba moto Kondoa, na majeruhi wakaletwa kwa machela mpaka wakalazwa juu ya jukwaa penyewe. Bandeji zikaisha. Daktari akauliza kama hotelini kuna nguo yoyote nyeupe, na kasha likafunguliwa. Kazi ya kuichana akapewa aliyeishona.

Tabu alikaa sakafuni mchana kutwa, siku baada ya siku, akiichana theluji kwa urefu, vipande vyenye upana wa vidole vinne. Alianzia kulia. Aliuacha upande wa kushoto uwe wa mwisho, akiomba majeruhi wapungue, akiomba jambo lolote litokee. Siku ya tatu alibakiwa na upande mmoja, wenye uzi wa buluu. Akauweka magotini, akamwendea Bibi, ambaye sasa alikuwa muuguzi na mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Bibi, huu ni wangu. Ulisema utanirudishia."

Bibi alikuwa ameshika beseni. Alimtazama Tabu kama mtu anayejaribu kukumbuka lugha. "Tabu," akasema, "watu wanakufa hapa." Akachukua kile kitambaa mwenyewe, akakipasua kwa meno, akaenda zake.

Nani wa kumlaumu? Kweli watu walikuwa wanakufa. Lakini mimi ninayesimulia namlaumu kidogo, kwa ile Januari.

Tangu hapo kazi ya Tabu ikawa kufua bandeji. Alizichemsha, akazisugua kwa jivu, akazianika kwenye kamba nyuma ya ukumbi, na damu ya zamani ikabaki kama madoa ya chai. Nyingine hazikurudi, zilikwenda makaburini na wenye nazo. Mbao za jukwaa nazo zilianza kung'olewa kutengenezea majeneza ya Wazungu. Kila alipofua, Tabu alificha kipande kimoja chini ya nguo yake, akasema kimeoza nimekitupa. Alipata kumi na vinne. Kati ya hivyo viwili tu vilikuwa na uzi wa buluu.

Mwisho wa Juni, adhuhuri, watu wawili waliotoka Kondoa wakamleta Bushiri mlangoni, wamemshika makwapa. Kuhara damu kulikuwa kumemmaliza. Alikuwa mwepesi, Tabu alimbeba peke yake mpaka kitandani. Alimwosha, akampa uji wa uwele, na uji haukukaa tumboni. Siku ya pili Bushiri alipata nguvu kidogo. Akamwita akae karibu.

"Njia ile wamelala watu," alisema. "Kutoka Kolo mpaka hapa. Nilijiambia nikianguka nimepata malipo yangu. Sikuanguka. Sijui kwa nini."

"Umefika, bwana. Uko nyumbani."

"Binti Feruzi. Siku ile ya kuaga nilifungua sanduku. Nikataka niiguse mara moja tu."

Tabu aliweka chini bakuli la uji.

"Nikakuta magunia," alisema Bushiri. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia. "Nikawaza sana barabarani, maana muda wa kuwaza ulikuwepo. Nikakumbuka mwaka jana mvua zilipogoma, na boma likachukua mtama wa watu, na sisi wawili bado tulikula. Sikukuuliza chakula kinatoka wapi. Uliiuza, siyo? Tukala."

Chakula kile Tabu alikipata kwa makombo ya hotelini, kila siku, ndani ya kopo. Angeweza kusema ukweli. Theluji ilikuwa imejaa kinywani mwake, na bibi kizee wa uongo aliyelala juu yake, na wanaume wenye masharubu wakilia. Alimtazama mumewe, akaona jinsi alivyokwisha kuipanga habari yake na kuikubali.

"Ndiyo," akasema. "Niliiuza."

Bushiri alifumba macho, na uso wake ukalegea. "Vizuri," alisema. "Basi sanda yangu niliila mwenyewe. Usilie. Ulifanya vizuri."

Alifariki siku iliyofuata, kabla ya alasiri.

Matonya alikuja na ngozi ya ng'ombe begani. Kwa Wagogo kuzikwa katika ngozi ndiyo heshima ya mzee, na ng'ombe mwenyewe alikuwa wa mwisho kwake. Boma lilikuwa limechukua wengine. Aliiweka mlangoni, akasema hana neno, wachague wenyewe. Mwalimu Amiri wa msikiti alimshukuru kwa moyo, kisha akaangalia vipande kumi na vinne vilivyokunjwa kwenye ungo. Akavigusa, akaona madoa.

"Hivi ni nini, mama?"

"Bandeji za hotelini, Mwalimu. Nimezifua mara tatu."

"Dharura inaruhusu," alisema Mwalimu. Halafu akakunja uso. "Lakini marehemu aliniambia zamani kwamba sanda anayo. Alikuwa akijivunia."

Ndani palikuwa na majirani, wanaume kwa wanawake, na Matonya pale kizingitini. Wote walimgeukia.

"Tuliila, Mwalimu," alisema Tabu. "Mwaka wa njaa. Niliiuza, tukala, na yeye alijua."

Mwalimu Amiri alifunika uso kwa kiganja. Mama mmoja akaanza kulia, akasema nani kati yetu angefanya hivyo kwa mumewe, kumpa uhai badala ya kaburi. Wengine wakamfuata. Tabu aliingia chumbani kumwosha. Alimzungushia vipande vile kuanzia miguuni, kimoja juu ya kingine, mpaka Bushiri akafanana na majeruhi aliyekuwa akingoja kuuguzwa. Viwili vyenye uzi wa buluu aliviweka kifuani, ndani, karibu na mwili. Havikutosha kufika usoni. Uso ulifunikwa kwa kaniki ya sandukuni, iliyokuwa bado inanukia karafuu maiti.

Mwezi haukuisha, Wajerumani wakakimbia na Dodoma ikaingiwa na adui zao. Bwana Miwani na Bibi waliondoka kwa treni ya mwisho, na jukwaani hapakubaki ubao hata mmoja. Wageni walioingia waliona chumba kitupu chenye makasha ya bia na harufu ya dawa, wakaweka humo magunia. Hivyo ndivyo ukumbi ulivyokwisha.

Tabu aliishi miaka mingi baada ya hapo, akishona na kufua. Kila njaa ilipokuja Ugogo, nayo ilikuja, wanawake walimtaja kwa mabinti zao: huyu ndiye aliyeuza sanda ili mumewe ale, mwanamke wa kweli hivi ndivyo alivyo. Walimwekea mkeka wa mbele kwenye harusi na misiba. Waliposimulia habari ile mbele yake, aliinuka, akachukua mtungi wake, akaenda kisimani, hata kama nyumbani maji yalikuwepo.